Mjadala: Je, dawa kali izuiwe hadi majibu ya kuotesha damu yatoke?

Swali lililoletwa hapa ni kama hospitali zetu zipigwe marufuku kumpa mgonjwa antibiotiki kali, mfano meropenemu, kabla maabara haijaotesha damu yake, yaani kuiweka kwenye chupa maalumu kuona ni bakteria gani watakaoota, na kutoa majibu. Wanaounga mkono wanasema bila hivyo usugu wa vimelea, yaani vimelea kuzoea dawa hadi zisiwaue tena, utatumalizia dawa zote. Wanaopinga wanasema mwenye maambukizi ya damu hawezi kusubiri siku mbili. Kwa maoni yangu, wanaopinga wana haki kuhusu dozi ya kwanza, na wanaounga mkono wana haki kuhusu dozi zote zinazofuata. Kinachonisikitisha ni kwamba pande zote mbili zinaizungumzia maabara kana kwamba iko tayari katika kila hospitali.

Utafiti uliofanyika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2001 hadi 2002, ukachapishwa 2007, ulifuatilia watoto wa hadi miaka 7 waliolazwa. Kati ya 1,828, watoto 255 walithibitika kuwa na maambukizi ya damu, na takriban theluthi yao walifariki. Waliokuwa na bakteria wa kundi la Gramu-hasi (kundi linalotambuliwa kwa kupakwa rangi maabara), kama Klebsiella na Salmonella, walifariki kwa asilimia 43.5, zaidi ya mara mbili ya asilimia 20.2 ya waliokuwa na malaria. Kupewa dawa ambayo kimelea kilishaizoea kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoashiria kifo. Ni zaidi ya miaka 20 sasa, na bado tunabishana kana kwamba jambo hili ni geni.

Mchangiaji mmoja wa mjadala huu ameyatupia maduka ya dawa lawama zote za usugu. Yanahusika, sikatai, lakini Klebsiella ya wodini husafiri kwa mikono isiyonawiwa na kanula (mrija mdogo wa kupitishia dawa) iliyokaa mno mshipani, na vinasaba vyake vya usugu huweza kuhamia kwa bakteria wa jamii nyingine. Kila homa inapotibiwa kwa seftriaksoni, antibiotiki nyingine ya sindano, bakteria wanaotengeneza vimeng'enya vya kuivunja ndio wanaobaki na kuzaliana, na hapo daktari halaumiwi akikimbilia meropenemu.

Utaratibu unaofaa unajulikana. Ngozi isafishwe vizuri, kwa maana ikisafishwa ovyo bakteria wa ngozi wataota kwenye chupa na mgonjwa ataongezewa dawa asiyoihitaji. Damu itolewe kabla ya dozi ya kwanza, chupa iende maabara mara moja, dawa ianze bila kusubiri. Kisha, baada ya saa 48 hadi 72, daktari alisome jibu na kuamua kuendelea, kubadilisha au kusimamisha. Hatua hii ya mwisho ndiyo naiona dhaifu kuliko zote: jibu likifika mezani bila mtu aliyekabidhiwa jukumu la kulifuatilia, mgonjwa huendelea na dawa ileile hadi aruhusiwe.

Kwa hiyo nawaomba wanaotaka marufuku waseme bayana: chupa ya kuotesha damu italipiwa na nani, bajeti ya hospitali na bima, au familia ya mgonjwa? Ikiwa ni familia, naipinga marufuku hiyo moja kwa moja, kwa sababu atakayekosa fedha za kipimo ndiye atakayenyimwa dawa.