Vijana wa roboti ya taka Mikindani: wapewe mkopo wa halmashauri au wasipewe?

Mtoto wa Mikindani
Wakuu, salaam. Jumamosi nilikuwa ufukweni Mikindani, hapa Mtwara, nikakuta vijana watano wanashusha dude majini. Madumu manne ya lita 20 yamefungwa kwenye fremu ya mabomba ya plastiki, katikati mkanda wa wavu chakavu wa kupandishia taka, mota mbili za waipa za gari, na betri ya bodaboda imekaa ndani ya beseni la kufulia. Mmoja anaiongoza kwa simu. Wenyewe wanaiita roboti. Ikatembea kama mita thelathini, ikazoa chupa nane, nilizihesabu. Ya tisa ikawa pempasi. Pempasi ikanasa, mota ikaanza kunuka, wakajitosa kuivuta kwa kamba huku watoto wanashangilia kama timu yetu ya Ndanda imefunga.

Sasa wanaandika andiko waombe mkopo wa ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, fungu la vijana. Mnajua ilisimamishwa 2023 ikarudi mwaka uliofuata, foleni yake si ya mchezo. Mtaani kuna wanaosema wapewe, na kuna wanaosema hela hiyo inunue mikokoteni na vizimba vya taka. Nyie mnaonaje?

Korosho Ghafi
Mkopo unarudishwa, mtoa mada. Mama lishe akikopa anauza wali. Roboti inauza nini? Wangetengeneza ya kupulizia salfa kwenye mikorosho ningewakopesha mwenyewe, maana ugonjwa wa ubwiriunga hausubiri vikao.

Dar Ndio Kwetu
Hahaha, betri kwenye beseni! Ndugu zangu wa kusini, roboti waachieni wenzenu, nyie tunawajua kwa umachinga. Hata hilo jina mmetuletea nyie. Mtwara kuchele, yaani kumekucha, au bado giza?

Mama Pweza
Wanangu, mimi naingia kwenye mikoko maji yakitoka, tunaokota chaza. Chupa hazikai katikati ya ghuba zikingoja kuzolewa. Mvua za Desemba zikianza, mifereji inazimwaga, maji ya bamvua yanazisukuma mpaka kwenye mizizi ya mikoko, zinabaki humo na matope juu. Dude la madumu manne litapita wapi humo? Mie mwenyewe napita kiubavu. Wawaulize kwanza wanaoingia humo.

Fundi Mota
Nimesoma "mota ikaanza kunuka" nikaona niweke sawa. Mota ya waipa haina tatizo. Ni ya volti 12, ina gia ndani ya kupunguza kasi, inazunguka taratibu lakini ina nguvu, ndiyo maana inasukuma maji ya mvua kwenye kioo siku nzima. Ikikwama huku umeme unaingia, moto wote unabaki kwenye waya wa ndani, lazima inuke. Wafunge fyuzi. Adui wao wa kweli ni chumvi. Msilaumu mota kwa kosa la pempasi.

Shangani Mashariki
@Dar Ndio Kwetu, rudia ulichosema kuhusu umachinga. Baba yangu alitembeza mashati Kariakoo, akatusomesha watoto sita. Wewe baba yako alitengeneza roboti gani?

Dar Ndio Kwetu
Punguza jazba kaka, nilikuwa natania. Lakini neno linatoka kwenu, huo ni ukweli.

Kaskazi
Hapana. Mimi nilisikia neno lenyewe ni la Kiingereza, machingi gaizi, vijana wanaotembea kama gwaride. Wabongo wakalifupisha.

Shangani Mashariki
Machingi gaizi! Kwa hiyo kabila zima lilikaa Lindi na Kilwa likisubiri Mwingereza alipe jina? Wamachinga wapo, wana lugha yao, bibi yangu ni mmoja wao. Vijana wao walikwenda Dar kuuza vitu mkononi, watu wa mjini wakawaita wote kwa jina hilo, Mmakonde humo, Mmwera humo, mpaka leo hata Mchaga akibeba soksi ni machinga.

Korosho Ghafi
Jimbo la Mchinga si lipo Lindi? Ndiyo hao hao.

Shangani Mashariki
Mchinga ni mahali, Wamachinga ni watu. Usichanganye, nnangu.

Mzee wa Ligula
Vijana, nawasoma tu. Mwaka 2013 tuliambiwa gesi italeta neema, Mtwara itakuwa Dubai. Mnakumbuka mabomu ya machozi ya mwezi wa tano, watu walipopinga gesi kupelekwa Dar? Bomba likakamilika 2015, likaenda zake Dar. Sasa ni roboti. Mimi sipingi, nauliza tu: roboti ikifanikiwa, itabaki Mikindani au nayo itawekewa bomba?

Fundi Mota
Mzee umeniua. Roboti kuwekewa bomba!

Kaskazi
Turudi kwenye mada. Mnaowacheka hao vijana, kuna yule kijana wa Ujerumani aliyeanzisha mradi wa kusafisha bahari, naye walimcheka.

Mtoto wa Mikindani
Mholanzi. Boyan Slat. Alianzisha The Ocean Cleanup mwaka 2013 akiwa na miaka 18. Na mtambo wao wa kwanza mkubwa, ule wa 2018 kwenye Pasifiki, ulikatika kipande, ukavutwa mpaka Hawaii. Wenye mamilioni ya dola nao walivuta kwa kamba. Baadaye wakaweka mitambo mingine kwenye mito, wazuie taka kabla hazijafika baharini. Hapo ndipo ninapoona Mama Pweza ana hoja, na hakuna aliyemjibu.

Dar Ndio Kwetu
Huyo Mholanzi alichangiwa na dunia nzima. Nyie mnataka hela ya akina mama wa vikundi.

Shangani Mashariki
Fungu la vijana ni asilimia nne, la akina mama ni nne lao, mbili za watu wenye ulemavu. Hakuna anayemgusa mama wa mtu. Jifunze kwanza. Halafu mbona umeruka swali la baba yako?

Korosho Ghafi
Hata hivyo rejesho bado hamjalijibu. Chupa za plastiki zinauzwa kwa kilo, na chupa tupu ni nyepesi kama unyoya. Kuna mama mmoja Magomeni ya Mtwara anaokota tangu alfajiri, anajaza viroba viwili virefu kuliko yeye, akifika kwenye mzani anapata hela ya fungu la dagaa na unga. Roboti ikizoa hizo chupa, huyo mama anakula wapi? Mnamwita nani mlinzi wa mazingira, yeye au simu?

Kaskazi
Kwa hiyo tusiendelee ili mama aendelee kuinama? Wewe ungekuwepo zamani ungepinga trekta.

Korosho Ghafi
Trekta lenyewe shambani kwetu halijafika mpaka leo, ningelipinga saa ngapi?

Mama Pweza
Yule mama wa Magomeni simjui, ila sisi tungewapa hao vijana kazi. Watengeneze chombo kidogo, chembamba, kikae mdomoni mwa mfereji siku ya mvua, kisichohitaji mtu wa kukishika. Chupa tuchukue sisi tukauze. Pempasi wachukue wao.

Fundi Mota
Mama ameongea. Mdomoni mwa mfereji huhitaji hata mota, wavu na boya tu.

Kaskazi
Sasa hapo roboti iko wapi?

Mtoto wa Mikindani
Nimewasomea hayo ya Mama Pweza kwa simu. Kiongozi wao kanyamaza muda, kisha kaniambia wavu na boya hauwezi kushinda mashindano ya ubunifu, majaji wanataka kuona kitu kinatembea. Nikamuuliza, kumbe ni mashindano au ni taka? Akasema salio linaisha. Baadaye katuma ujumbe, anataka ushauri wa fyuzi. Fundi Mota upo?

Fundi Mota
Nipo, anipigie kesho nikifungua gereji. Ila kabla hatujafunga, huyu wa Dar aseme: machingi gaizi anaiamini au haiamini?

Dar Ndio Kwetu
Mimi sikuisema hiyo, ni Kaskazi.

Shangani Mashariki
Na baba?