Eti jua likipungukiwa madoa, baridi inazidi?

MamaUji_Buguruni: Wakuu, heshima kwenu. Nauza uji na vitumbua Buguruni Sheli tangu saa kumi na moja alfajiri. Kipupwe hiki sufuria inakauka kabla ya saa mbili, kwa hiyo baridi mie sina ugomvi nayo. Ila kuna mteja wangu wa bajaji kila akikaa kwenye benchi: "Mama, jua halina madoa, ndo maana kuna baridi. Ulaya mito iliganda!" Sasa doa si uchafu? Likitoka, jua si ndo liwake zaidi? Nielewesheni, msinipigie hesabu.

Mstaafu_Jiografia: Mama Uji, doa ni jeusi kweli, lakini pembeni yake panang'aa kupita kawaida, na mng'ao huo unalifidia doa na kuzidi. Madoa mengi, jua kali kidogo. Yanaongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka 11 hivi, na tofauti yake ni asilimia 0.1 tu. Chukua vipande elfu vya mkaa chini ya sufuria yako, toa kimoja. Uji utajua?

Huyo wa bajaji anasemea 1645 hadi 1715, madoa yalipokaribia kutoweka. Ni kweli mto Thames uliganda, 1683–84 wakafungua vibanda juu ya barafu pale London. Lakini baridi ile ilianza kabla ya madoa kupotea, volkano nazo zilichangia, na daraja la zamani lilikuwa linazuia maji yasikimbie.

Kijana_Tabata: Mwalimu, mbona 2009–10 jua limetulia, madoa machache, na Uingereza wakafukiwa na theluji?

Mstaafu_Jiografia: Hapo umenibana. Miale ya urujuanimno, hii inayounguza ngozi, hubadilika zaidi kuliko mwanga wenyewe. Ikipungua, ozoni, ile hewa ya huko juu inayoinasa miale hiyo, haipati joto lilelile, na pepo za Atlantiki ya Kaskazini zinaweza kuyumba. Ule upepo wa magharibi unaowaletea vuguvugu la bahari ukilegea, baridi ya mashariki inaingia. Ila ni msukumo mdogo, na ni wa kule: majira hayohayo Greenland, kile kisiwa cha barafu huko kaskazini, ilikuwa na joto kuliko kawaida yake. Kipupwe chetu ni jua kuwa kaskazini, na kusi inavuma. Kinakuja kila mwaka, madoa yawepo yasiwepo.

MamaUji_Buguruni: Shikamoo Mwalimu, nimekuelewa kwa mkaa. Kesho namsomea. Ana deni la vikombe vitatu tangu Jumatatu, asije akasema na hilo ni madoa.