Naomba ushauri: ninunue meli ya Star Citizen kwa hela halisi?

Wakuu, nipo Mwanza hapa Kirumba, nacheza Star Citizen, lile gemu la anga lililoanza kuchangiwa na wachezaji 2012 na mpaka leo liko alfa, yaani bado la majaribio. Nina Aurora tu, kameli kadogo ka kuanzia, natamani meli ya mizigo, wanaiuza kwa dola na ina bima isiyoisha, yaani meli ikilipuka unapewa nyingine ila shehena ndo imeenda. Juzi natua umeme ukakata, kuwasha tena mzigo wote haupo, roho iliniuma sana. Hela ninayo, faida ya dagaa wa mwaloni, ila meli nyingi zinapatikana humo humo kwa hela ya gemu, shida wakifuta data unaanza upya. Hiyo bima inafaa kweli? Nilipe au nipambane tu?