Majirani wa Nabuyonga: nukta ya mvua

[18:42] Mama Zahara: Assalamu alaikum majirani. Tahadhari ya mvua kwenye simu zetu tumeiweka kwa nukta ya hapa mtaani kwetu Namatala, Mbale. Tumekosea. Mto Nabuyonga haujazwi na mvua ya hapa, unajazwa na ya mlima Wanale. Kila mtu afungue ramani, atoe nukta nyumbani, aiweke mlimani. Nataka majibu leo.

[18:58] Mama Zahara: Alama za bluu naziona. Jibuni.

[19:20] Musa Boda: Nikiiweka mlimani abiria watasema nimehama 😂

[19:21] Shamimu: Hata ukiwa stendi hupatikani 😂😂

[19:24] Mama Zahara: Musa, acha. Fundi, waeleze.

[20:05] Fundi Twaha: Nukta peke yake haitoshi. Setilaiti hupima eneo la kama kilomita 10 kwa 10 kwa pamoja, na makadirio ya mapema ya IMERG, hesabu ya mvua ya NASA kutoka setilaiti, huchelewa kama saa 4. Mkulima yanamfaa. Kwa mto wetu, maji yatakuwa yameshaingia ndani. Tunahitaji kile kipimo chetu cha mvua cha kijiko kikae huko juu. Kila milimita 0.2 ya mvua kijiko kinapinduka mara moja, laini ya simu iliyomo inatuma hesabu.

[20:07] Mama Zahara: Kipimo kiko kwa Baba Rehema, tangu mambo yale.

[20:31] Baba Rehema: Mmeanza tena. Betri sikuichukua mimi.

[20:32] Shamimu: Hakuna aliyekutaja baba.

[20:33] Baba Rehema: Siku zile mlinitaja.

[20:40] Fundi Twaha: Betri tuiache. Kilichotuharibia ni fenesi. Majani yaliziba mdomo, maji yakawa yanadondoka hata mvua ikiisha, simu zinalia usiku bure. Ndani buibui akafunga kijiko. Safari hii kikae mbali na mti mara mbili ya urefu wake: mti wa mita 8, kipimo mita 16. Mlingoti usitikisike, kijiko kitahesabu upepo. Kilazwe sawa kwa pima maji. Halafu toboa chupa kwa sindano, lita 1 idondoke kwenye kipimo kwa muda wa saa nzima. Mdomo wa kipenyo cha sentimita 20 uhesabu kama mara 159. Ikija 120, kimeinama au maji yanapita pembeni. Ukimwaga haraka, kijiko hakiwahi.

[20:42] Musa Boda: Lita 1 ya chai ya tangawizi je?

[20:43] Shamimu: Na mandazi 😂

[20:44] Mama Zahara: Mto hautawangojea mnywe chai!

[20:50] Shamimu: Lakini mimi sauti niliizima. Ililia kila jioni.

[20:58] Fundi Twaha: Kwa sababu iliwekwa milimita 2. Tuanze na 10 kwa nusu saa: hapo toa watoto na magodoro chini. Ikifika 20, pigianeni simu. Tutairekebisha kwa kulinganisha na alama za rangi tutakazopaka nguzo ya daraja. Na skrini inaandika saa za Greenwich, ongeza 3. Ukiona 15:00, kwetu ni saa kumi na mbili jioni.

[21:47] Hajati Mariamu: Wanangu. Julai 2022 maji yalikuja usiku, tukazika. Neno betri sitaki kulisikia tena humu. Baba Rehema, kitoe kipimo. Shamimu, washa sauti.

[21:49] Shamimu: Nimewasha Hajati.

[22:15] Baba Rehema: Sawa Hajati. Kesho nakitoa.

[22:16] Mama Zahara: Kila nyumba shilingi 5,000, betri mpya ya volti 12 na bando. Musa, utampandisha Fundi Jumamosi?

[22:40] Musa Boda: Mafuta nani anatoa?

[22:41] Mama Zahara: Imo kwenye 5,000.

[22:44] Fundi Twaha: Haitatosha. Na bado hatujamwomba mwenye kiwanja huko juu.

[06:10] Baba Hamidi: Ndio naona sasa. Laini inasajiliwa kwa kitambulisho cha nani?

[06:12] Mama Zahara: Baba Hamidi, soma juu.

[06:20] Baba Hamidi: Nimesoma yote. Cha nani?