Baba alikuwa daktari wa zamani Amu (Lamu), tumkumbuke vipi? Ndugu hatuelewani

bintLangoni
Assalaam aleikum wadau, naomba ushauri. Babangu mzazi katutoka mwezi huu, Alhamdulillah alikula chumvi, 87, na mpaka siku za mwisho akili iko sawa anauliza bei ya samaki. Alikuwa klinikal ofisa wa serikali ila Amu nzima wakimwita daktari tu. Akastaafu 1993, enzi hizo ukifika 55 unaenda nyumbani utake usitake, lakini kustaafu kwenyewe ilikuwa ni kwenye karatasi manake baraza yetu haikukauka watu. Ile chikungunya ya 2004 ilivyouangusha mji, mtu hawezi kukunja vidole wala kushuka ngazi, yeye na uzee wake akawa anazunguka nyumba kwa nyumba na tochi na panadol mfukoni, anagombeza watu wafunike mapipa na majabia mbu wasizae.

Sasa shida. Kakangu wa Nairobi ataka arobaini ya nguvu, tenti, watu watoe hotuba, na kitabu cha rangi chenye picha kama wafanyavyo bara. Dadangu asema khitma na sadaka basi, mengine ni riya. Mimi ndo nimepewa kazi ya kuandika historia yake, na kuna sanduku la bati limejaa kaunta buku zake za kazi, tarehe, mahali, jina la mgonjwa, ugonjwa, dawa alompa. Kuna ukurasa wa 1977 wako Kiunga na Ishakani kuchanja ndui, pembeni kaandika kwa penseli "maji yametoka, tumekwama mikokoni, chai imekwisha". Nililia nikacheka. Kaka ataka kurasa hizo zipigwe picha ziingie kitabuni, dada ataka zichomwe zote. Mungekuwa nyinyi mungefanyaje??

nahodha_mstaafu
Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Usichome kitu dada!! Hiyo 1977 unaijua ilikuwa nini? Mgonjwa wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida, si ya maabara, alipatikana Merka, Somalia, mwezi wa kumi mwaka huohuo, 1980 ndo WHO, wale wa shirika la afya duniani, wakatangaza imekwisha. Kiunga na Somalia ni pua na mdomo. Watu wasema WHO WHO kumbe kuna mtu wa Amu alikuwa amekwama mikokoni bila chai. Hiyo andika kwanza, mambo ya alizaliwa akasoma akaoa yatafuata.

sista_Malindi
Pole sana mpenzi. Mimi ni muuguzi huku Malindi, na hapa dadako ana pointi msimpuuze. Amu ni mji mdogo, ukiweka ukurasa mmoja tu wenye jina na "kaswende" au "mimba imetoka" ushaharibu nyumba ya mtu, hata kama mwenyewe kafa wajukuu wapo. Na siku hizi kuna sheria ya kulinda data ya 2019, habari za ugonjwa wa mtu si za kuchezewa. Lakini kuchoma hapana. Zipitie wewe peke yako, nakili kwa mkono zile habari zake yeye, safari, hali ya hewa, dawa zilivyokuwa adimu, majina ya wagonjwa yaache humo humo sandukuni na funguo akae nayo mtu mmoja. Picha za kurasa kwenye WhatsApp ya familia msianze, hapo ndo hutoka.

mjukuu_wa_Faza
Naandika ya babu yangu, yeye hana simu ya kuandika: "Mwanangu, babako alikuya Faza na jahazi, akatutia chanjo na sindano ya nta (ncha) mbili, adunga mara 15 yuu ya mkono, mimi nkakimbia akanifuata mpaka kisimani. Kovu ninalo. Mwambie aye nimuoneshe." Amesema uje kweli, na usichelewe manake na yeye ni wa miaka hiyohiyo 😂

bintLangoni
😭😭 nakuja inshallah, mwambie babu.

AbuSwafiya
Naomba niulize, hela za hiyo tenti zatoka wapi? Kama ni pesa za marehemu, hizo si zenu kuzichezea. Kwanza deni, halafu wasia usiozidi thuluthi, kisha warithi wagawane, na mjane ni mrithi. Kaka akitaka tenti atoe mfukoni mwake. Pili mamenu yuko edani miezi minne na siku kumi, mwamletea wageni wa hotuba mlangoni? Someni khitma msikitini, lisheni watu, yatosha. Kama kweli mna pesa tieni sadaka ya kuendelea, amali za mtu hukatika ila tatu, na hiyo ni moja.

kijana_chaap
Arobaini yenyewe ni bidaa

nahodha_mstaafu
@kijana_chaap usianze. Fungua uzi wako.

bintLangoni
Shukran nyote, la eda kusema kweli hakuna hata mmoja wetu alolifikiria, nimemsomea kaka kwa simu akanyamaza kisha akasema sawa tenti iwachwe. Sadaka tumekubaliana mashuka na feni za wodi, baba alikuwa akilalamika joto la wodi mpaka sisi twachoka. Kitabu kitakuwepo lakini kidogo, baada ya eda, maneno ya watu alowatibu wenyewe wakipenda kusema. Kesho naanza kurekodi wazee kwa simu. Bado swali moja, kaunta buku zengine zimeliwa na mchwa, kurasa zimegandana, nazifanyaje?

sista_Malindi
Usizibandue kwa nguvu wala usizianike juani. Toa zenye mchwa weka mbali na nzima, ziwache kivulini penye upepo zikauke, kisha brashi laini. Zilogandana kabisa wawache watu wa makumbusho hapo Amu wazione kwanza, uliza tu.

mjukuu_wa_Faza
Babu auliza waja lini, Jumamosi boti ya asubuhi ama ya mchana?