Naomba ushauri: wino wa nembo unavuja chini ya epoksi

Wakuu, habari za kazi. Nimekwama kwenye nembo za mbao za kuteleza mawimbini.

Nembo ni ya vekta (mchoro wa kompyuta unaokuzwa bila kupoteza ubora), rangi mbili: buluu iliyokoza na chungwa. Naichapa kwa printa ya wino kwenye karatasi ya mchele ya gramu 30, naitandaza juu ya povu la ubao, kisha kitambaa cha faibaglasi cha aunsi 4 na epoksi (utomvu wa maji unaoganda na kuwa mgumu). Karatasi yenyewe inapotea vizuri kabisa. Shida ni kingo za herufi: buluu inasambaa kama milimita 1 na kuingia kwenye chungwa, jina halisomeki. Na povu likiwa limepakwa rangi, chungwa inageuka kahawia, maana hakuna nyeupe chini yake.

Nimeacha karatasi ikauke saa 24, hali ni ileile. Nikapulizia vanishi ya akriliki mara mbili: wino ukatulia, ila epoksi haikupenya, vikabaki vidoa vyeupe vya hewa pembeni mwa herufi.

Je, wino wa pigmenti (wenye chembe za rangi zisizoyeyuka) utatosha bila vanishi? Na kwenye mbao za rangi, nichape nyeupe kwanza kwa skrini (kusukuma wino kupitia wavu) au kuna njia nyepesi zaidi?

Natanguliza shukrani.