Mtama, ulezi, mpunga: je, C4 ni urithi wa ukoo mmoja?

Mwl_Bayo_Dom
Wadau, naandaa vitendo vya kidato cha sita hapa Dodoma. Mtama, uwele, ulezi na mahindi yote ni C4 (usanisinuru unaokusanya kaboni dayoksaidi kwanza), mpunga wa Bahi ni C3 (usanisinuru wa kawaida). Je, hayo manne yalirithi C4 kwa babu mmoja? Na nawaonyeshaje wanafunzi tofauti kwa hadubini ya kawaida?

Nyasi_za_Kanda
Hapana, Mwalimu. Nyasi nyingi ziko kwenye matawi makuu mawili ya ukoo, BOP na PACMAD. BOP lina mianzi, mpunga na ngano, na humo hakuna C4 hata moja. Nyasi zote za C4 zimo PACMAD, ambamo C4 ilizuka zaidi ya mara 20. Mtama na mahindi ni ndugu wa karibu (kundi la Andropogoneae). Uwele ni jirani yao, kundi la Paniceae. Ulezi uko mbali, kundi la Chloridoideae, pamoja na ukoka, na C4 yake ilizuka peke yake. Ndiyo maana mtama huachilia kaboni dayoksaidi kwa kimeng'enya cha NADP-ME, ulezi kwa NAD-ME. Na matete ya majini (Phragmites) ni PACMAD lakini ni C3.

Wembe_na_Slaidi
Kwa vitendo, chukua jani lililokomaa, ukate kipande cha sm 1 kwa nusu sm pembeni mwa mshipa mkuu. Kibane kwenye karoti iliyopasuliwa, lowesha wembe mpya, vuta mara moja. Ukikata kwa kwenda na kurudi seli zinachanika. Vipande viangukie kwenye sahani ya maji, uchague kile chembamba kiasi cha karibu kutoonekana. Tazama kwa ×100, kisha ×400.

Kwenye mtama kila mshipa una pete ya seli kubwa za kijani, na kati ya pete na pete utahesabu seli 2 hadi 4. Kwenye mpunga pete ni hafifu na seli za katikati huzidi 4. Ulezi usiwanyime kabisa: kloroplasti za pete zimejikusanya ndani, kuelekea mshipa, wakati za mtama ziko upande wa nje.

Usihifadhi majani kwenye spiriti, itaondoa kijani unachokitafuta. Ukikata mshazari, hesabu inaharibika. Chuma asubuhi kabla jani halijajikunja, ulifunge kwenye kitambaa chenye maji.

Mwl_Bayo_Dom
Ahsanteni sana. Sasa kama mahindi nayo ni C4, mbona yanakauka hapa na mtama umesimama?

Nyasi_za_Kanda
C4 hukusanya kaboni dayoksaidi kwenye rubisko (kimeng'enya kinachoinasa ili itengeneze sukari), hivyo jani hutengeneza sukari kwa maji machache hata kwenye joto. Haimaanishi mmea unavumilia ukame. Mahindi yakikosa maji wakati wa mbelewele, ndevu huchelewa kutoka, chavua inamwagika bure na gunzi linabaki na mapengo. Mtama una nta kwenye majani, na ukame ukija kabla haujachanua husitisha ukuaji, ukaendelea mvua ikirudi. Tafadhali litenganishe hilo darasani, linachanganya wengi.

Wembe_na_Slaidi
Nyongeza kwa wenye hamu: Alloteropsis semialata, nyasi ya misitu ya miombo, ni spishi moja yenye mimea ya C3 na ya C4. Tanzania ina ile ya katikati, kati ya C3 na C4, ambayo bado hutumia rubisko kwa njia ya kawaida huku pete yake ikiokoa kaboni inayopotea.